Kuondoa Mguu kwenye Mafuta

Sauti yenyewe haimalizi sekunde moja. Pssss, kisha imepita. Ukisimama Dagoretti Corner jioni, pale Barabara ya Ngong inapoachana na Barabara ya Naivasha iendayo Kawangware na Riruta, utaisikia mara tatu au nne kabla matatu ya 111 haijakufikia. Gari dogo, aghalabu Subaru, linakuja kwa kasi kutoka upande wa mjini. Bodaboda inakatiza mbele yake. Dereva anaondoa mguu kwenye mafuta, na gari linatema hewa. Vijana waliojipumzisha kwenye makochi ya maseremala, yale yanayopangwa kando ya barabara yakisubiri mnunuzi, hugeuza shingo wote kwa pamoja.

Nilifundisha fizikia katika shule za sekondari kwa miaka 36, na muda wote huo niliichukulia sauti hiyo kama wanavyoichukulia wao, kwamba ni sauti ya nguvu. Sivyo. Gari likiwa linakazana, likipanda mlima au likimpita mwenzake, halitoi mlio huo. Huutoa dereva anapoacha. Nimelitafakari jambo hili kwa zaidi ya mwaka sasa, na kila ninapolirudia nalikuta limebeba zaidi ya nilivyodhani.

Nianze na hewa, maana ndiyo chakula kikuu cha injini. Ili gramu moja ya petroli iungue vizuri, zinahitajika karibu gramu 14.7 za hewa. Petroli si tabu kuiongeza. Pampu itaisukuma kadiri utakavyo. Tabu ni hewa. Injini ya kawaida huivuta yenyewe pistoni zinaposhuka, na haiwezi kupata zaidi ya ile iliyopo mahali ilipo. Na iliyopo Dagoretti Corner ni haba. Karibu na njiapanda ndipo yalipo makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na hapo, karibu mita 1,800 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa huzunguka milibari 820. Kule Mombasa ni kama 1,013. Gari lililopanda kutoka pwani hufika hapa likiwa limepokonywa karibu moja ya tano ya pumzi yake, bila chuma chochote kuharibika.

Kutoka kwenye uwanja wa idara hiyo huachiliwa puto la kupimia hewa ya juu. Nilikuwa nikilitazama nikiwa mwanafunzi wa ualimu pale Kenya Science, chuo kilicho kando ya barabara hiihii, kilichoanzishwa miaka ya 1960 kwa ushirikiano wa Kenya na Sweden. Puto huondoka likiwa limelegea. Kadiri linavyopanda, hewa ya nje hupungukiwa na nguvu ya kulibana, nalo huvimba, huvimba, hadi huko juu, kama kilomita 30 hivi, linapasuka. Halina vali. Limetengenezwa likijulikana kuwa litapasuka, na kazi yake yote hufanyika kabla ya hapo.

Mwaka 1905 mhandisi Mswisi, Alfred Büchi, aliomba hataza ya wazo ambalo leo linazunguka chini ya boneti za nusu ya magari yanayopita hapa, au hivyo ndivyo masikio yangu yanavyoniambia. Moshi unaotoka kwenye injini bado una joto na bado una mwendo. Kwa nini utupwe bure? Upitishwe kwenye gurudumu dogo lenye mapanga, ulizungushe. Ncha ya pili ya mhimili uleule iwe na gurudumu lingine, livute hewa safi, liikandamize na kuisukumia injini. Hiyo ndiyo turbo. Mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric aliipandisha injini ya ndege kwenye mlima Pikes Peak huko Marekani, zaidi ya mita 4,000, akaonyesha kwamba yenye turbo inaweza kutoa huko juu nguvu ileile iliyotoa chini. Sisi tunaoishi nyanda za juu tunapaswa kumkumbuka mtu huyo zaidi ya tunavyofanya.

Lakini turbo ina duara ndani yake. Moshi mwingi huizungusha kwa kasi. Kasi huleta hewa nyingi. Hewa nyingi huunguza petroli nyingi. Petroli nyingi hutoa moshi mwingi zaidi. Hakuna mahali ambapo duara hilo husema basi. Likiachwa, mchanganyiko wa hewa na petroli utaanza kulipuka kabla ya wakati wake, pistoni itatoboka, au gurudumu litavunjika mapanga.

Kinachosema basi ni vali ya kwanza, ambayo mafundi huiita westigeti. Ni kilango kidogo upande wa moshi, kimeunganishwa kwa mkono wa chuma na kikombe cha bati. Ndani ya kikombe mna springi na ngozi ya raba. Hewa iliyokandamizwa na turbo huletwa hapo kwa mpira mwembamba. Ikiishinda springi, ngozi husukumwa, mkono husogea, kilango hufunguka, na sehemu ya moshi hupita pembeni bila kuligusa gurudumu. Turbo hupungua kasi. Naupenda sana mpango huu kwa sababu hewa iliyozidi ndiyo yenyewe inayobeba habari za kuzidi kwake.

Sasa, springi hiyo ilichaguliwa mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo si mbali na bahari. Tuseme inakubali kushindwa pale hewa ya ndani inapoizidi ya nje kwa bari 0.7. Mombasa, bari 1.0 ya nje na 0.7 ya turbo zinaipa injini bari 1.7. Hapa, upande wa pili wa ile ngozi una hewa ya Dagoretti Corner, bari 0.82, kwa hiyo injini hupata 1.52 tu. Springi ni ileile, raba ni ileile, na bado ile “basi” yake inakuja mapema. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayolijua hilo. Hupunguza hewa inayofika kwenye kikombe ili kilango kichelewe kufunguka, na injini ipate 1.7 yake kama iko pwani. Ila kuipandisha hewa kutoka 0.82 hadi 1.7 ni kuizidisha zaidi ya mara mbili, ilhali Mombasa ilitosha mara 1.7. Dereva haoni tofauti. Turbo ndiyo inayolipa, kwa kuzunguka kasi zaidi kila siku ya maisha yake, na hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi kumshukuru.

Wamarekani walijaribu kuuza magari ya turbo mwaka 1962, Oldsmobile na Chevrolet, na hayakudumu sokoni. Waliofanikiwa kuifanya turbo iwe kitu cha mtu wa kwenda kazini ni Saab wa Sweden, kwa gari lao la 99 Turbo lililoonyeshwa mwaka 1977, na siri yao ilikuwa hasa westigeti: turbo ndogo inayoamka mapema, na kilango cha kuizuia. Lakini wa rika langu hapa Kenya hatukujifunza neno turbo kutoka kwa Saab. Tulilijifunza kwenye Safari Rally, Toyota Celica ya turbo iliposhinda miaka mitatu mfululizo, Björn Waldegård mwaka 1984, Juha Kankkunen 1985, Waldegård tena 1986. Pasaka moja nilisimama kwenye matope na wanachuo wenzangu, gari likapita, na kilichobaki masikioni hakikuwa ngurumo bali ile pssss baada yake.

Baadaye mafundi wa rally walikuja na mbinu ya kuizuia turbo isipoe hata kidogo dereva anapoondoa mguu: hewa na petroli huachwa viungue kwenye bomba la moshi lenyewe, gurudumu liendelee kuzunguka. Ndiyo ile milio ya bunduki inayosikika magari hayo yakikaribia kona. Turbo za namna hiyo huchakaa haraka mno. Ni gharama anayoilipa asiyeweza kumudu kupungua kasi.

Gari langu ni la mtumba, dogo, lina turbo, na liliingia nchini kabla halijatimiza miaka minane kama kanuni zetu zinavyotaka. Mwaka jana lilianza kulia kama njiwa. Nikikanyaga mafuta, sawa. Nikiacha, tu-tu-tu-tu, chini ya boneti, kama kuna kiota. Nguvu nayo ikapungua. Nikalipeleka kwa fundi mmoja ambaye gereji yake iko nyuma ya Barabara ya Naivasha, mzee aliyenizidi miaka kadhaa, mwenye mikono ambayo haiwezi tena kunyooka kabisa.

“Mwalimu, ingia ndani. Kanyaga mafuta,” akaniambia. “Zaidi. Sasa acha.”

Tu-tu-tu-tu.

“Umesikia? Hiyo ni hewa imekosa mlango.”

Mguu ukiondoka kwenye mafuta, kilango cha hewa mdomoni mwa injini hufunga papo hapo. Turbo haina habari. Bado inazunguka kwa kasi ya sekunde iliyopita, bado inasukuma. Hewa inagonga mlango uliofungwa, inarudi nyuma, inalikuta gurudumu linaloisukuma mbele. Inapenya katikati ya mapanga, inasukumwa, inapenya tena. Njiwa wangu alikuwa ni hewa hiyo ikienda na kurudi mara nyingi kwa sekunde, na kila mara ikirudi ilikuwa inaupiga mhimili ule unaoelea juu ya oili.

Kati ya turbo na mlango huo ndipo inapokaa vali ya pili, bloofu kwa lugha ya gereji. Nayo ina ngozi na springi, lakini huamshwa kwa njia nyingine. Mlango ukifungwa, pistoni zinazoendelea kuvuta huacha ukosefu wa hewa nyuma yake. Uvutaji huo hupita kwenye mpira mwembamba na kuiinua vali, na hewa iliyokwama hupata pa kupitia. Dizeli za zamani hazina mlango huo wa hewa, kwa hiyo hazina haja na vali hii. Lori au basi kubwa likisimama na kutema pale stejini, hiyo ni hewa ya breki, ukoo mwingine kabisa.

Fundi aliifungua vali yangu kwa spana namba kumi, akaigeuza juani. Raba ilikuwa na ufa mrefu kama ukucha.

“Kwa hiyo, mzee, injini inaumia ikisimama?” nikamuuliza.

Alifikiri kabla ya kujibu. “Ikienda haina shida, mwalimu. Ikienda kila kitu kina njia. Shida ni kuacha ghafla.”

Nilirudi nyumbani kwa miguu siku hiyo, kupitia Riruta, na maneno hayo sikuyaacha gereji.

Nilistaafu nikiwa na miaka 60, kama utumishi wa umma unavyodai. Ijumaa nilikuwa na vipindi vitatu na zamu ya maabara. Jumatatu sikuwa na kitu. Mlango ulifungwa vizuri, kwa hotuba, saa ya ukutani na keki, sina lawama. Lakini mimi nilikuwa bado nazunguka. Niliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa nikioga huku natunga maswali ya kidato cha tatu kuhusu mgandamizo wa vimiminika, nikiyapangia alama. Nilimkosoa mke wangu namna ya kukata vitunguu. Watoto walipopiga simu niliwahutubia. Nilichokuwa nakisukuma kilikuwa kizuri, miaka 36 ya kazi niliyoipenda, ila mbele yake hapakuwa na injini tena, na kilikuwa kinanirudia kifuani, tu-tu-tu-tu. Miezi minne baadaye muuguzi wa kliniki alinifunga ule mkanda wa kitambaa mkononi, akapuliza, akaachia, akapuliza tena kuhakikisha, akaniambia nina presha.

Sisemi kustaafu ndiko kulikoniletea. Huenda nilikuwa nayo miaka mingi. Ubaya wa presha ni kwamba haipigi kelele. Nasema tu kwamba tangu siku hiyo nimelipenda neno lenyewe. Presha ya tairi, presha ya turbo, presha ya damu: mtaani tumezifunga zote kwa kamba moja, na fizikia inatuunga mkono. Hata jikoni ipo. Maji ya Nairobi huchemka karibu nyuzi 94, hayafiki 100, ndiyo maana maharagwe ya githeri hukaidi moto, na ndiyo maana aliye na sufuria ya presha humaliza mapema: kile kipande kizito juu ya kifuniko huuzuia mvuke hadi kiwango fulani, kisha huinuka na kuuachia. Denis Papin, Mfaransa, alionyesha chungu cha aina hiyo London mwaka 1679. Kifuniko cha redieta ni mjukuu wake. Kikikaza kwa bari 0.9 juu ya hewa yetu hii nyepesi, maji hayachemki hadi karibu nyuzi 115. Vitu vingi tunavyovitegemea ni vyombo vya kukaza na kuachia, na anayevitengeneza hutumia muda mwingi zaidi kwenye kuachia.

Na ule mkanda wa muuguzi nao ni chombo cha namna hiyo. Hupulizwa hadi damu ya mkono isimame, kisha vali ndogo hufunguliwa polepole na muuguzi husikiliza. Mapigo yanaporudi kusikika, namba ya kwanza hiyo. Yanapotoweka, ya pili. Aliyeeleza kwamba inatosha kusikiliza hivyo ni daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, mwaka 1905, mwaka uleule wa hataza ya Büchi. Yangu ilikuwa 160 juu. Milimita 160 za zebaki ni karibu bari 0.21, haifiki hata theluthi moja ya ile inayoisukuma springi ya westigeti. Kiasi kidogo hivyo, na kinatosha kumuua mtu taratibu.

Turudi gereji. Vali mpya zipo za aina mbili, na fundi aliniwekea zote juu ya benchi nichague. Moja huitema hewa nje. Ndiyo hiyo inayogeuza shingo za vijana njiapanda. Nyingine huirudisha kwa paipu hadi mdomoni mwa turbo. Gari langu lilikuja na ya kurudisha. Katika magari kama langu hewa hupimwa mwanzoni kabisa, kabla ya turbo, na kompyuta huiandikia petroli yake papo hapo. Ukiitupa nje baada ya kupimwa, petroli yake bado itamwagwa, na injini inakohoa moshi mweusi kwa sekunde ya hewa iliyokwisha kuondoka. Ukiirudisha, hesabu inabaki sawa, na gurudumu lililopewa hewa mdomoni halipungui sana. Dereva akikanyaga tena, lipo tayari.

Kijana mmoja aliyekuwa akipiga msasa mlango wa gari karibu nasi aliniomba, kwa upole kabisa, nichukue ya kutema. “Itakuwa na sauti, mzee. Watu watajua ni turbo.” Nilimwelewa. Katika mji huu ambao mtu anaweza kukaa siku nzima bila kusikilizwa, sauti si kitu kidogo. Lakini nilichukua ya kurudisha, na ningechukua hiyohiyo hata kama bei ingekuwa mara mbili.

Nilipokuwa nalipa, fundi alikunja noti bila kuzihesabu.

“Mwalimu, wewe haya mambo ya presha unayajua kwa vitabu. Hawa vijana wangu wawili wana mtihani wa ufundi wa NITA, gredi ya tatu. Mikono wanayo. Kueleza ndiyo shida.”

Ndivyo ilivyoanza. Jumamosi, saa tatu asubuhi, naketi kwenye kiti cha matatu kilichong’olewa, nachora kwa chaki kwenye boneti iliyolazwa ukutani: maduara mawili na mstari katikati, kilango, kikombe, springi. Vijana huandika kwenye madaftari yenye alama za vidole vya oili. Fundi hujifanya hasikilizi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimefika kwenye vali ya kurudisha, nikiisifu kama nilivyoisifu hapa, yule mpiga msasa aliponyoosha kidole.

“Mwalimu, hewa ikikandamizwa si hupata moto?”

“Hupata.”

“Sasa hii inayorudi mdomoni ni ya moto. Turbo inaikandamiza mara ya pili. Si inazidi kuwa moto?”

Nilisimama na chaki mkononi. Nilikuwa nimeifikiria hewa hiyo kwa mwaka mzima, ilikotoka na inakokwenda, na sikuwa nimefikiria inarudi ikiwa na hali gani. Nikamwambia sijui ni moto kiasi gani, na kwamba gari liko pale.

Fundi aliingia ndani bila kuombwa, akawasha. Kijana akainama juu ya injini, akaweka kiganja kwenye paipu ya kurudishia. Mafuta yakakanyagwa, injini ikapanda, mguu ukaondoka. Hapakuwa na sauti yoyote.

“Tena,” kijana akasema.